Majibu Kumi na Mawili ya Kukosea

Ukutani kwetu, kati ya kioo cha mama na kalenda ya parokia, yaya alibandika karatasi ya maneno. Yaya ni dada yangu mkubwa. Kwetu Uvira mkubwa haitwi kwa jina, na hata humu kwenye daftari sitamwita. Karatasi ilikuwa na maneno kama ishirini aliyoyaleta kutoka kazini, kwenye ofisi ndogo inayotengeneza masomo ya telefone kwa watu wasio na muda wa kukaa darasani. Moduli. Mlengwa. Skenario. Mrejesho. Jukwaa. Senkroni na asenkroni. Kila neno lilikuwa na maana yake pembeni, kwa wino wa kijani, naye alitakiwa kuyajua yote kama sala.

Aliyajua. Shida ni kwamba na mimi niliyajua, maana kioo kilikuwa palepale na mimi huchana nywele polepole.

Mimi ni mtu wa kunyamaza. Mwalimu akiniuliza darasani, jibu linapanda vizuri hadi kooni, kisha linakaa pale kama mgeni ambaye hajaambiwa karibu. Lakini kichwani sinyamazi hata kidogo. Nikaanza kuyapa maneno ya yaya kazi za nyumbani. Asenkroni, ilisema karatasi, ni somo ambalo anayefundisha na anayejifunza hawakutani kwa wakati mmoja. Huyo ni papa, baba yetu. Ukimwomba papa kitu Jumatatu, anatazama ziwa. Jumatano, wakati wewe umeshasahau ulichoomba, anasema: "Hapana." Senkroni ni mama, ambaye anajibu kabla hujafungua mdomo, na jibu lake ni hapana pia. Mlengwa ni mtu ambaye somo limetengenezwa kwa ajili yake. Nyumbani kwetu mlengwa wa masomo yote ni mimi. Tathmini endelevu ni shangazi anapokuja kututembelea.

Siku moja tukiosha vyombo nilimwambia yaya hayo yote. Alicheka hadi sahani ikamponyoka, halafu akakumbuka kwamba yeye sasa ni mtu wa ofisi.

"Weye, usichezee kazi ya batu," akasema. "Minye bado niko najaribiwa. Mwezi ukiisha, shefu anaangalia kama moduli yangu imefaulu kwa bamama wa Luberizi. Ikifaulu, nabakia. Ikianguka, narudia mwavuli."

Mwavuli si mzaha. Baada ya kupata diploma yake ya Serikali, yaya alikaa miaka miwili kando ya barabara inayokwenda Kavimvira, chini ya mwavuli wenye rangi za kampuni, akiuza unite, yaani salio la telefone. Pikipiki zilimpitia karibu mpaka akajifunza kula huku amefunika sahani kwa mkono. Alirudi nyumbani jioni na nyusi za mzee, nyeupe kwa vumbi. Tangu aanze ofisini nyusi zake zilikuwa nyeusi, na alikuwa amenunua viatu vinavyolia vikikanyaga sementi. Alipenda sana kutembea kwenye sementi.

Moduli yake ilihusu kukausha mpunga kabla ya kuupeleka kwenye mashine ya kukoboa. Ilikuwa na maswali sita, na chini ya kila swali majibu matatu ya kugusa kwa kidole: moja sahihi, mawili sivyo. Ukigusa, sauti inakujibu. Hiyo sauti ya kukujibu ndiyo mrejesho. Ukipata, unasonga mbele. Ukikosa, unarudi kwenye swali lilelile hadi uguse linalotakiwa.

Sauti ilipaswa kuwa ya mtangazaji mmoja wa redio, lakini alivuka kwenda kwenye harusi Bujumbura, na harusi ikamnogea. Siku zikabaki chache. Yaya akasimama jikoni, akanitazama vile mtu anavyotazama mwiko ambao hakuwahi kufikiri ungefaa kupigilia msumari.

"Huyu iko na sauti nzuri," alimwambia mama. "Shida ni moja: batu basimwangalie."

Kwa hiyo nilirekodia ndani ya kabati la nguo. Si kwa ajili ya aibu tu. Nje kulikuwa na pikipiki, na kwaya ya jirani ilikuwa inafanya mazoezi ya wimbo mmoja, ubeti mmoja, juma zima. Ndani ya kabati, katikati ya vikwembe vya mama, dunia ilinyamaza. Alasiri hiyo yaya alinifungia mlango, akanipenyezea skenario, yaani karatasi yenye kila neno la kusemwa, akarudi ofisini kwake.

Maswali niliyasoma vizuri. "Sahihi. Endelea" niliisema mara sita, safi. Kisha nikafika kwenye mstari wa majibu ya kukosea. Uliandikwa hivi: "Jibu lako si sahihi. Jaribu tena." Nami nilitakiwa kuusema mara kumi na mbili.

Nilishindwa hata mara moja. Nikifumba macho nilimwona mlengwa: mama mtu mzima, amelima mpunga tangu kabla sijazaliwa, magamba ya tope kwenye vidole. Na mimi, mtoto wa shule, naingia kwenye telefone yake bila hodi, bila kumwuliza ameamkaje, namwambia amekosa! Kwetu mkubwa hakosei. Mkubwa husahau, hupitiwa, au huelezwa vibaya na wengine. Niliwahi kumwona mama akimrudishia fundi cherehani mzee nguo iliyoshonwa mikono miwili ya kushoto. Alimwambia nini? "Papa, kitambaa hiki kimekusumbua."

Nikajaribu. Mara ya kwanza sauti ilikatika. Mara ya pili nilisikika kama mtu wa duwane mpakani anayezikataa karatasi zako. Mara ya tatu ikanitoka: "Jibu lako si sahihi, samahani sana mama yangu." Nikaisikiliza. Ilikuwa sauti ya mtu. Basi ningeishia pale, ningekuwa mtoto mwenye heshima na yaya asingepata taabu. Lakini swali la kwanza liliuliza mpunga unaanikwa wapi (sahihi ni juu ya bashi, yaani turubai), na jibu mojawapo la kukosea lilikuwa "chini, juu ya udongo", na mimi nikaona kabisa mtu aliyeanika juu ya udongo. Nikabonyeza kurekodi.

"Ee mama, pole na jua. Hata jirani yangu alianikaka hivyohivyo chini. Siku ya kula, mume wake akatafuna kijiko cha kwanza, akatema vitu viwili: jiwe, na jino lake. Turudi, mama, tutafute jibu lingine pamoja."

Nilicheka peke yangu kabatini hadi vikwembe vikaniangukia.

Baada ya hapo sikusimama. Jibu la kukosea la pili, jirani aliufuata mpunga wake uliokuwa umekanyagwa na ng'ombe wa watu, akawa anaugombania na ng'ombe mmoja uso kwa uso. La tatu, aliukoboa ukiwa bado mbichi, ukatoka kama uji. La nne, alipika wali, juu mbichi, chini makaa, akaizika sufuria kwenye migomba na kumwambia mama mkwe kwamba wezi wamepita. Hadithi ikakua. Kwenye la tisa mama mkwe alituma ujumbe kutoka Mulenge kwamba anateremka kuja kula kwa mwanawe. Kwenye la kumi na mbili alikuwa ameshaingia jikoni, ameweka mkono juu ya kifuniko cha sufuria mpya, na jirani amesimama mlangoni hana pa kukimbilia. Hapo maswali yakaniishia, na hadithi nikaiacha hapohapo.

Niseme ukweli, kwa kuwa daftari ni langu. Sikufanya hivyo kwa heshima peke yake. Jirani yule hakuwa jirani. Sufuria iliyozikwa kwenye migomba ilikuwa yetu, aliyeizika ni yaya, na mama hadi leo anawalaani wezi. Yaya anajua maana ya jukwaa na asenkroni, lakini wali umemshinda.

Nilitegemea angesikiliza, angefoka, tungerudia. Hakusikiliza. Hapana, alisikiliza, ila alisikiliza kama mtu anayeyajua majibu. Aliweka moduli kwenye telefone, akagusa jibu sahihi la kwanza, la pili, hadi la sita. "Sahihi. Endelea." Mara sita. Akanikumbatia. "Umemupita hata ule wa redio!" Akampelekea shefu wake, na shefu naye akajaribu vivyo hivyo. Shefu ni mtu ambaye hawezi kugusa jibu la kukosea hata kwa mchezo. Kwa hiyo hadithi yangu yote ililala ndani ya telefone bila mtu kuijua, na mimi nilikuwa na siku tatu za kusema. Kila asubuhi neno lilipanda kooni. Kila asubuhi nilikunywa chai, likashuka.

Jumamosi tukaenda Luberizi kwa gari la ofisi. Shefu aliendesha mwenyewe, kompyuta kwenye kiti cha pembeni. Nyuma tulikaa yaya na mimi na kikapu cha telefone sita. Nililetwa kwa ajili ya kuzigawa na kuonyesha pa kugusa, kwa kuwa, alisema yaya, kugusa hakuhitaji maneno.

Majaribio yalifanyika ndani ya hangari ya mashine ya kukoboa. Mashine yenyewe ilikuwa imenyamaza. Fundi wake alikuwa amepanda Bukavu, na magunia ya watu yalipangwa hadi karibu na bati, yakimsubiri. Mama kumi na wawili walikuwa wamekaa juu ya mikeka, wawili wawili. Shefu akawasalimu, akaeleza.

"Leo hatuwajaribu nyinyi, bamama. Tunaijaribu moduli."

"Basi uiambie isiogope," akasema mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi badala ya mkono. Wenzake wakacheka. Nikajua huyo ndiye mkubwa wa pale.

Nikagawa telefone, moja kwa mama wawili, nikarudi nyuma haraka, karibu na magunia. Telefone ya kwanza ikasema: "Sahihi. Endelea." Ya pili ikasema: "Sahihi. Endelea." Nikaanza kumshukuru Mungu. Ndipo kutoka kwenye mkeka wa kona nikajisikia mwenyewe, kwa sauti kubwa: "Ee mama, pole na jua..."

Wale mama wawili waliinama kuisikiliza telefone kama watu wanaosikiliza mtoto tumboni. Jiwe likaja, jino likaja. Wakarudi nyuma kwa kicheko hadi mmoja akashika mguu wa mwenzake asianguke.

"Mumegusa wapi?" wakauliza wa mkeka wa pili.

"Hapa chini. Tumegusa ile ya kukosea."

"Sisi tuligusa ya kweli. Haina kitu mule! Inasema tu uendelee."

"Haraka yenu ilikuwa ya nini?"

Mama wa miwani akanyoosha mkono, hangari ikatulia. "Musiguse ya kweli mbele ya zingine. Itatupitisha. Swali la kwanza, ya kweli ni ile ya bashi, tunaanikaka juu ya bashi, hiyo muiache mwisho. Mutoto, njo uturudishe kwa mwanzo."

Mtoto ni mimi. Nikaenda nikawarudisha wote kwenye mwanzo, telefone moja moja. Walianza upya, sasa kwa mpango. Walilisoma swali, wakakubaliana jibu sahihi ni lipi, kisha wakagusa kwanza yale mawili ya kukosea, na hilo mwisho, ili wavuke. Telefone zilipopishana, wakawa wanatulizana: "Nyamazeni, nyie muko mbele, musituambie." Kwenye ng'ombe walipiga makofi. Kwenye uji mama mmoja akasema anamjua kabisa mwanamke wa hivyo, anakaa Sange, na mwenzake akasema hapana, huyo ni wa kwetu hapahapa, tumuheshimu tu.

Yaya alikuwa amesimama kando na daftari lake. Mwanzoni alitabasamu, alifikiri moduli inapendwa. Halafu akakunja uso, kwa sababu katika skenario yake hapakuwa na kitu cha kuchekesha. Halafu ikafika sufuria. Nilimwona akisikiliza: juu mbichi, chini makaa, migomba, wezi. Akanigeukia polepole sana. Mimi nikakumbuka kwamba kikapu kilihitaji kupangwa, nikaingia nyuma ya magunia.

Kutoka huko sikuona kitu, nilisikia tu: hadithi ikaenda hadi kwenye kifuniko cha mama mkwe, na hapo hakuna aliyekubali kugusa la kweli, somo lisiishe. Nilimsikia shefu, ambaye alikuwa amebeba kompyuta yake hadi nje kutafuta mtandao, akirudi kwa hatua za haraka. Jukwaa, yaani pale matokeo ya kila telefone yanapokusanyika, lilikuwa limemwonyesha kila kitu. Jukwaa linahesabu tangu unapoanza somo upya, na linahesabu mguso wa kwanza tu.

"Sifuri kwa sita," akasoma. "Sifuri kwa sita. Sifuri. Sifuri. Telefone sita, sifuri sita. Na hakuna hata moja iliyofika mwisho wa somo." Akashusha sauti, lakini magunia ya mpunga hayazuii sauti kama ukuta. "Moduli hii imekufa. Nilikupa mwezi mzima. Nitaandika nini kwenye ripoti?"

Akaokota telefone moja mkekani, akaigusa, akaisikiliza.

"Na hii sauti inasema nini? Haifuati skenario. Nani ameibadilisha?"

Hapo ndipo nilipongoja jina langu. Angeweza kulisema, lingekuwa kweli tupu. Nilimsikia akivuta pumzi kupitia pua, vile anavyofanya akizuia machozi.

"Ni moduli yangu, shefu," akasema. "Minye ndiye niliyeileta bila kusikiliza yote. Najibu minye."

Nikauona mwavuli. Niliuona wazi, na sahani iliyofunikwa kwa mkono.

"Ni mimi," nikasema.

Vichwa vikageuka huku na huku.

"Nani anasema?" akauliza shefu.

"Ni yeye!" Mama wa miwani alipiga kelele kama aliyepata kuku aliyepotea. "Ni ule wa mu telefone! Iko nyuma ya magunia!"

"Toka huko," akasema shefu.

"Aa, papa, umuache palepale," mama akamkatiza. "Ile sauti inapenda kujificha. Akitoka atanyamaza, tutamukosa. Sema, mutoto wetu. Sema ukiwa huko huko."

Nikasema nikiwa huko huko, paji la uso limegusa gunia. Nikasema kwamba yaya hakujua. Kwamba karatasi ilinitaka niwaambie wamama wamekosea, mara kumi na mbili, nami mdomo ulikataa. Kwamba baada ya hapo nilifurahia kupita kiasi. Kwamba kama kuna mtu wa kurudishwa nyumbani basi ni mimi, na mimi nimeshazoea kukaa nyumbani.

"Unasikia mutoto amelelewa?" mama mmoja akamwambia shefu. "Weye karatasi yako ilitaka atutukane."

"Hakuna aliyewatukana, mama. Ni mrejesho tu. Lakini tazameni, nyinyi wote mmepata sifuri!"

"Nani amepata sifuri?"

Sijui mama wa miwani alikuwa na uso gani aliposema hivyo, lakini nilisikia shefu akirudi nyuma hatua moja. Mama akaanza. Mpunga unaanikwa juu ya bashi. Tabaka jembamba, kama unatandaza kitambaa. Unaugeuza mara kwa mara. Jua la mchana likiwa kali unaufunika, usikauke kwa haraka ukapasuka ndani, maana mashine itakutolea vipande. Jioni unauingiza usinywe umande. Na kujua kama umekauka? Nilisikia mkono ukiingia kwenye gunia la upande wa pili, kisha meno. Tii!

"Umesikia? Hii imekauka. Ikikunjika mu meno bila kulia, ngoja. Hayo ndiyo maswali yako sita. Kuko lingine?"

Wenzake wakamshangilia. Nikafurahi, nikadhani tumepona. Lakini shefu hakufurahi. Nilichungulia kati ya magunia mawili nikamwona ameketi kwenye ukingo wa mashine, kompyuta imefungwa.

"Kama mlijua yote haya kabla sijafika," akauliza, taratibu, "moduli imewafundisha nini?"

Wakatazamana.

"Imetuchekesha," akasema mmoja, kwa huruma.

Sijawahi kuona mtu mzima akipokea neno la huruma vibaya hivyo. Akajikuna kichwa. "Kuna kazi inayotangulia kuandika skenario," akasema, kama anayejisomea. "Inaitwa uchambuzi wa mahitaji. Ni kwenda kumuuliza mlengwa anakosa nini, ndipo utengeneze somo. Kwa mpunga, hiyo kazi ilirukwa."

"Nani aliruka?" akauliza yaya. Hakuuliza kwa utundu. Yeye ni mtu wa kuuliza.

Shefu akakohoa. "Ofisi," akasema. Na ofisini kwao wako watatu: shefu, yaya, na mlinzi.

Basi yaya akafanya kitu ambacho hakuna aliyemtuma. Alivua vile viatu vinavyolia, akapanda kwenye mkeka, akakaa karibu kabisa na mama wa miwani, akafungua ukurasa mpya. "Mama, samahani. Tuanze upya. Nyinyi hapa munakosa nini?"

"Tunakosa ule bwana wa mashine."

Kicheko kikapasuka tena, lakini hakikudumu, na baada yake wakasema wote kwa pamoja. Fundi ni mmoja. Akienda Bukavu mashine inalala. Mpunga uliokaushwa vizuri unakaa hangarini, mvua inapiga, unarudi unyevu, unauanika tena. Mkanda wa mashine ukikatika hakuna mwanamke aliyeruhusiwa hata kuugusa. Fundi anasema ni kazi ya kusomea. "Basi mutusomeshe hiyo," akasema mama wa kona, yule wa kwanza kugusa jibu la jirani yangu. "Kuiwasha, kuizima, na kuvalisha mukanda. Kukausha, muende mukafundishe batu ba mjini."

Yaya aliandika. Aliuliza nani amewahi kuiona ikiwashwa kwa karibu. Aliuliza wanaogopa sehemu gani. Aliuliza telefone za nyumbani hukaa mkononi mwa nani mchana, na kati yao wasiosoma wangependa waelezwe kwa picha au kwa mtu anayesema. Sikuwahi kumwona hivyo. Hakutaja hata neno moja la kwenye karatasi yake, na aliyafanya yote. Shefu alikuwa amefungua tena kompyuta, naye akiandika, lakini alimtazama yaya zaidi ya alivyotazama kioo.

Tulipoanza kufunga kikapu mama wa miwani akazuia. "Hatutoki. Mama mukwe amekamata kifuniko tangu asubuhi. Mutoto, alifunua, hakufunua?"

Sikuwa na mwisho. Naapa sikuwa nao. Nikakaa kimya nyuma ya gunia langu, na yaya akasikia ule ukimya, akauingia.

"Mwisho naujua minye," akasema, kwa sauti ya asali. "Mama mukwe alifunua sufuria. Hakukuta wali. Alikuta mule ndani mudogo wa ule jirani, msichana mukubwa wa shule, amejikunja, amejificha. Akamuuliza, mwanangu, ni nini? Akasema: mama, kuko mugeni amenisalimia."

Hangari ilitikisika. Mama wa miwani alilia kabisa, miwani mkononi.

"Uongo!" nikapiga kelele, na nikajikuta nimesimama katikati ya mikeka, mbele ya mama kumi na wawili, na shefu mmoja, pumba za mpunga zimejaa nywele zangu zote. "Uongo! Sufuria yenyewe umeizika weye!"

Wakanitazama vizuri kuanzia miguuni. Kisha mmoja akasema, "Kumbe ni kadogo hivi," na mwingine akanipa ndizi.

Garini shefu hakuwasha injini mara moja. Yaya alikaa amebana daftari kifuani.

"Ripoti nitaandika hivi," akasema shefu bila kugeuka. "Moduli ya kukausha mpunga imeanguka."

"Ndiyo, shefu."

"Na sababu yake si sauti. Sababu nitaiandika mimi." Akarekebisha kioo. "Moduli ya mashine utaianza Jumatatu. Utarudi hapa ukae na hao bamama siku nzima kabla hujaandika mstari mmoja. Kwa hiyo nahitaji uwe na mkataba, si majaribio. Miezi sita, tuone."

Yaya alisema asante, kwa sauti ndogo kuliko yangu.

"Na mirejesho yote nitaisikiliza mwenyewe," akaongeza shefu, sasa akigeuza ufunguo. "Ya kukosea ndiyo nitaanza nayo."

Yaya hakunitazama hadi tulipoingia barabara kubwa na hangari ikapotea nyuma ya mashamba. Kisha akanifinya paja, kwa ufundi, mahali ambapo sketi inafunika. Alama yake nilikaa nayo hadi Jumatano. Akafungua daftari, akalamba ncha ya kalamu, akaandika swali la kwanza la mashine huku gari likimrusha mkono: Mama, kabla ya kuiwasha, unaanza kuangalia wapi?